Kutoka Mwisenge hadi Uzamili: Lugha na Mafunzo ya Mwalimu wa Shule ya Msingi katika Ukanda wa Buhemba na Musoma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mafunzo ya mwalimu wa shule ya msingi kwa kuangalia ukanda wa Buhemba, Butiama na Musoma, mkoani Mara. Ukanda huu umehusika na hatua tatu kubwa za historia hiyo: kuinuka kwa mwalimu mwenye stashahada wakati wa ukoloni, wasomi kupelekwa katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa baada ya Uhuru, na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Makala yanajenga hoja kwamba kadiri mafunzo ya ualimu yalivyopanda kuelekea shahada na uzamili, ndivyo yalivyozidi kuliacha darasa la msingi, na kwamba sababu moja ya umbali huo, ambayo haijapewa uzito unaostahili, ni lugha. Mwalimu wa cheti aliandaliwa kwa Kiswahili ili afundishe kwa Kiswahili. Msomi wa uzamili aliandaliwa kwa Kiingereza kwa ajili ya shule ya sekondari. Msomi huyo anapopangiwa darasa la msingi, pengo hilo huonekana katika msamiati, katika mbinu na katika mahusiano yake na watoto.

1. Utangulizi

Buhemba ni kijiji kilichopo katika Wilaya ya Butiama, wilaya iliyoundwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Musoma Vijijini. Kwa wengi jina lake linaambatana na dhahabu, kwa sababu mgodi wake ulifanya kazi tangu enzi za ukoloni. Kwa kizazi kilichosoma katika miongo ya mwanzo ya Uhuru, hata hivyo, Buhemba ni pia jina la kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambako vijana waliotoka shule, vyuo vya ualimu na chuo kikuu walipita kabla ya kuanza kazi. Upande mmoja wa kijiji hiki ni Butiama, alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922. Mbele zaidi, kando ya ziwa, ni mji wa Musoma, ambako Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Novemba 1974 na kupitisha azimio lililobadili mafunzo ya ualimu nchini kote.

Historia ya elimu ya Tanzania imeandikwa mara nyingi kwa kufuata sera, kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Makala haya yanafuata njia nyingine: yanamtazama mwalimu wa shule ya msingi na kuuliza alifundishwa wapi, kwa muda gani na kwa lugha ipi. Swali la lugha ndilo linaloipa mada hii nafasi katika taaluma ya Kiswahili. Katika ukanda wa Buhemba mtoto huingia shuleni akiwa na Kizanaki, Kiikizu, Kijita, Kikurya au lugha nyingine ya jirani. Kiswahili anachokikuta darasani hukipata kwa kiasi kikubwa kupitia kinywa cha mwalimu. Kwa hiyo namna mwalimu huyo alivyoandaliwa katika Kiswahili ni sehemu ya historia ya lugha yenyewe, na haiwezi kuachiwa taaluma ya elimu peke yake.

2. Mwalimu kabla ya Uhuru: cheti na stashahada

Maneno mawili yaliyo msingi wa mada hii, mwalimu na chuo, yalifika bara yakitokea pwani. Pwani, mwalimu alikuwa kwanza mtu aliyefundisha watoto Kurani, na chuo kilikuwa kitabu na pia mahali pa kujifunzia kusoma kitabu hicho. Serikali za kikoloni na misheni zilipoanzisha shule bara, maneno hayo yalichukuliwa na kupewa maana mpya. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali au wa misheni mwenye cheti, na chuo kikawa taasisi ya mafunzo baada ya shule. Hatimaye zikapatikana istilahi chuo cha ualimu na chuo kikuu, na umbali kati ya istilahi hizo mbili ndio kiini cha makala haya.

Katika eneo la Musoma kazi ya kufundisha watoto ilianza mikononi mwa watu wenye mafunzo mafupi. Wamisionari wa Kikatoliki wa Nyegina, Waadventista wa Sabato waliokuwa Busegwe na Ikizu, na Wamenoniti waliofika Shirati mwaka 1934 walitegemea wasaidizi Waafrika. Aghalabu mtu mmoja alikuwa mwalimu wa kusoma na kuandika na pia mwalimu wa dini. Mafunzo yake yalikuwa ya vitendo: alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, kisha akapewa kundi lake la watoto. Serikali ya Kiingereza iliongeza juu ya msingi huo utaratibu wa vyeti na madaraja, ambao ulimpima mwalimu kwa miaka aliyokaa shuleni na chuoni.

Maisha ya Nyerere yanaonyesha vizuri ngazi hiyo ilivyokuwa. Alianza masomo katika Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kama 12. Kiswahili alijifunza shuleni, kama walivyofanya watoto wengi wa Kizanaki wa rika lake. Miongoni mwa waliomfundisha alikuwa James Irenge, mwalimu ambaye jina lake limebaki katika kumbukumbu za taifa kwa sababu ya mwanafunzi huyo. Kutoka Mwisenge alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, na kati ya mwaka 1943 na 1945 alisoma Makerere, Uganda, alikopata stashahada ya ualimu.

Stashahada hiyo inastahili kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na stashahada ya uzamili ya siku hizi. Makerere ya wakati huo haikuwa ikitoa shahada. Ilipata hadhi ya chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Kwa hiyo stashahada ya mwaka 1945 ilikuwa kilele cha mafunzo ya ualimu ambayo Mwafrika angeweza kuyapata katika Afrika Mashariki, wala haikuwa nyongeza juu ya shahada. Aliyekuwa nayo hakupangiwa kufundisha watoto wanaoanza kusoma. Nyerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia mwaka 1946. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952 na shahada ya M.A., ambayo kwa desturi ya Scotland ni shahada ya kwanza. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kushughulikia kazi za TANU.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, cheo cha Mwalimu ambacho taifa zima lilimpa Nyerere kilitokana na kazi ya kweli ya darasani, lakini darasa hilo lilikuwa la shule za juu. Pili, kila ngazi aliyoipanda ilimhamisha kutoka lugha moja hadi nyingine: Kizanaki nyumbani, Kiswahili Mwisenge, Kiingereza Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwalimu aliyebaki Mwisenge hakupanda ngazi hiyo, lakini ndiye aliyekuwa na kazi ya kumvusha mtoto kutoka lugha ya kwanza hadi ya pili. Mfumo wa vyeti ulimhesabu kuwa wa chini kwa sababu ulipima miaka ya masomo. Ugumu wa kazi aliyopewa haukuwa kipimo.

3. Shahada, kujitegemea na kambi ya Buhemba

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, uhaba mkubwa zaidi ulionekana kuwa wa walimu wa sekondari. Ili kuuziba, ulianzishwa mpango wa kuleta walimu kutoka Marekani na Uingereza kuja Afrika Mashariki. Wengi wao walikuwa watu wenye shahada tayari, waliopewa mafunzo ya ualimu Makerere, kisha wakapelekwa katika shule za sekondari. Hapa ndipo mfumo wa uzamili katika ualimu ulipopata sura yake katika kanda hii: mtu husoma somo lake kwanza, akahitimu, kisha hujifunza kulifundisha kwa mwaka mmoja hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichagua njia tofauti kidogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 mwanafunzi wake aliweza kusoma elimu sambamba na masomo mengine ndani ya shahada ileile. Njia zote mbili zilimlenga mwalimu wa sekondari, na zote zilitumia Kiingereza.

Shule ya msingi ilienda upande mwingine. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Nyerere alieleza kuwa ni asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari, hivyo elimu ya msingi ilipaswa kuwa elimu kamili kwa ajili ya maisha ya wengi. Haikupaswa kuwa maandalizi ya wachache. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Uamuzi huu ulimbadilisha mwalimu pia. Vyuo vilivyoandaa walimu wa cheti vilifundisha kwa Kiswahili, na ndani ya vyuo hivyo ikakua rejista maalumu ya taaluma: andalio la somo, azimio la kazi, muhtasari, zana za kufundishia, mazoezi ya kufundisha, saikolojia ya elimu. Mwanachuo aliyemaliza Murutunguru, Butimba au Tarime alitoka akiwa na uwezo wa kuizungumzia kazi yake yote kwa Kiswahili. Mwenzake wa Dar es Salaam aliyesoma elimu katika shahada hakuwa na uwezo huo, kwa sababu hakuudaiwa.

Mahali pamoja ambapo watu hawa wawili walikutana ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hili lilianzishwa mwaka 1963 kwa kujitolea. Mwaka 1966 sheria iliwataka waliomaliza elimu ya juu walitumikie kwa muda wa miaka miwili, sehemu yake ikiwa kambini na sehemu iliyobaki wakiwa kazini huku wakikatwa mshahara. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti hayo. Karibu 400 kati yao walifukuzwa na kurudishwa makwao, na Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mgogoro huo kwa kawaida husimuliwa kama mgogoro wa fedha na madaraka. Ulikuwa pia mgogoro kuhusu mahali pa msomi: je, aliyesomeshwa na umma anaweza kuishi mbali na umma?

Kambi kama Buhemba zilikuwa sehemu ya jibu la serikali. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, nyimbo ziliimbwa kwa Kiswahili, na kazi ya jembe haikutofautisha mwenye shahada na mwenye cheti. Hata hivyo kambi haikuwa chuo cha ualimu. Ilimpa msomi lugha ya kuamrishwa na ya kuishi na wenzake, lakini haikumpa lugha ya kumfundisha mtoto. Baada ya kambi kila mmoja alirudi kwenye njia yake: mwalimu wa cheti kijijini, mhitimu wa shahada sekondari.

Fasihi ya kipindi hicho iliiona hali ya mwalimu kwa jicho kali. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka pwani ya Mara, alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970, na riwaya yake Rosa Mistika ikachapishwa mwaka 1971. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo anapita katika chuo cha ualimu, na chuo hakichorwi kama hekalu la elimu. Kinachorwa kama mahali ambapo msichana wa kijijini anaachwa ajitafutie njia bila mwongozo. Mwandishi alikuwa zao la shahada yenye elimu ndani yake, akiandika kwa Kiswahili juu ya mtu wa ngazi iliyo chini yake. Riwaya ilifanya jambo ambalo mfumo wa mafunzo haukulifanya: ilimweka msomi wa chuo kikuu na mwalimu wa chuo cha kawaida katika lugha moja.

4. Azimio la Musoma na mwalimu aliyetoka darasa la saba

Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974 ilitathmini utekelezaji wa Elimu ya Kujitegemea na kutoa maamuzi mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali. La kwanza lilitaka elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe kufikia Novemba 1977, badala ya mwaka 1989 uliokuwa umepangwa awali. La pili lilisitisha utaratibu wa kuingia chuo kikuu moja kwa moja baada ya kidato cha sita. Mwombaji sasa alitakiwa awe amefanya kazi na apate pendekezo la mahali pake pa kazi na la chama. Ukiyaweka pamoja, maamuzi haya yalikuwa na mantiki moja. Lile la kwanza lilimtoa kijana wa darasa la saba na kumfanya mwalimu. Lile la pili lilimzuia kijana wa kidato cha sita asiwe msomi kabla ya kuwa mfanyakazi. Ngazi ile ya Mwisenge, Tabora na Makerere ilisukumwa kutoka pande zote mbili.

Lengo la mwaka 1977 lisingefikiwa kwa kutegemea vyuo vilivyokuwapo. Ndipo ulipobuniwa mpango wa kuwaandaa walimu wakiwa kazini. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakapelekwa katika shule za karibu, wakawa wanafundisha kwa saa chache na kujifunza kwa saa zilizobaki. Walisoma vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, walisikiliza vipindi vya redio, walisimamiwa na waratibu wa elimu, na mwishoni walikaa chuoni kwa wiki chache kabla ya mtihani. Mpango mzima ulichukua takriban miaka mitatu. Zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hii, na idadi ya watoto shuleni iliongezeka zaidi ya maradufu katika muda mfupi.

Mpango huo uliendeshwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vitabu vya mafunzo, barua za wasahihishaji, vipindi vya redio na mitihani vyote vilikuwa katika lugha hiyo. Kwa upande wa historia ya Kiswahili, hili ni tukio kubwa: makumi ya maelfu ya vijana waliingizwa katika taaluma yenye nadharia, mbinu na istilahi zake bila kupitia lugha ya kigeni. Kwa upande wa elimu, tathmini zilikuwa kali. Walimu hawa waliitwa walimu wa UPE, na jina hilo lilikuja kubeba dharau, kana kwamba kila upungufu wa shule ulitokana nao. Miongo mitatu baadaye, sekondari za kata zilipoongezeka na wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi, mitaani waliitwa voda fasta. Majina haya mawili yanafanana katika jambo moja: yanamlaumu mwalimu kwa ufupi wa mafunzo ambao hakuupanga yeye.

Ni kweli kwamba kijana wa darasa la saba aliyepewa darasa zima alikuwa na maarifa machache ya masomo yenyewe. Lakini haifai kusahau alichokuwa nacho. Mara nyingi alikuwa wa eneo lilelile, aliielewa lugha ya nyumbani kwa mtoto, na istilahi za masomo alizijua kwa Kiswahili kwa kuwa hakuzijua kwa lugha nyingine. Katika vijiji vya ukanda wa Buhemba sifa hizi hazikuwa ndogo. Kosa la mpango lilikuwa kukiona Kiswahili kama njia ya haraka ya kupata walimu wengi. Mwalimu aliyeanza kwa Kiswahili hakuwekewa njia ya kuendelea hadi juu katika lugha hiyohiyo. Alipotaka kupanda alikuta mlango wa juu unafunguliwa kwa Kiingereza.

Sharti la kufanya kazi kabla ya chuo kikuu nalo halikudumu. Lililegezwa, kwanza kwa wanawake, baada ya kuonekana kuwa linapunguza idadi yao vyuoni, na baadaye likaachwa kabisa. Kwa muda lililodumu, hata hivyo, lilitoa fursa ambayo haikutumiwa ipasavyo: watu waliofika chuo kikuu wakiwa wamefanya kazi, baadhi yao katika shule za msingi, wangeweza kuwa chimbuko la taaluma ya juu ya ualimu wa msingi. Badala yake wengi wao walihitimu na kwenda sekondari, vyuoni au ofisini. Shahada iliwaondoa katika darasa lililowaandaa.

5. Uzamili na darasa la kwanza

Stashahada ya uzamili katika elimu ilipata nafasi ya kudumu Tanzania kama njia ya mtu mwenye shahada isiyo ya ualimu kuingia katika kazi hii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huitoa, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, huitoa kwa masafa. Kwa sababu hiyo mtu anayeishi Mara anaweza kuisoma bila kuhama. Kwa muundo ni mafunzo ya msomi wa somo fulani: hujifunza falsafa na saikolojia ya elimu, mtaala, upimaji, na mbinu za kufundisha somo lake. Mwisho wake kwa kawaida ni sekondari au chuo.

Katika nchi nyingine hali si hiyo. Nchini Uingereza mtu mwenye shahada husoma uzamili wa mwaka mmoja ulioandaliwa mahsusi kwa ajili ya shule ya msingi, na anayehitimu hufundisha watoto wa miaka mitano bila mtu kuona kwamba ameshuka. Finland ilifanya shahada ya uzamili kuwa sifa ya kawaida ya mwalimu wa darasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, miaka ileile ambayo Tanzania ilikuwa ikimwandaa mwalimu kutoka darasa la saba. Tofauti ya uwezo wa kiuchumi ni kubwa mno kuruhusu lawama. Ulinganisho huo unaonyesha tu kwamba hakuna kanuni ya asili inayotenganisha uzamili na mtoto mdogo. Utengano huo una historia, na nchini Tanzania historia hiyo imejengwa juu ya ngazi iliyoelezwa katika sehemu ya pili.

Ngazi hiyo imeacha alama hata katika majina ya vyeo. Anayeongoza shule ya msingi huitwa mwalimu mkuu. Anayeongoza sekondari huitwa mkuu wa shule. Jina la kwanza linamweka kiongozi miongoni mwa walimu, la pili linamweka juu ya taasisi. Tofauti hii haikutangazwa kama tofauti ya hadhi, lakini hivyo ndivyo inavyosikika masikioni mwa wengi.

Baada ya ada kuondolewa na elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, madarasa ya kwanza yalifurika. Wakati huohuo sekondari nyingi zilikuwa na walimu wa masomo ya sanaa kuliko mahitaji. Serikali ikaamua kuwahamishia shule za msingi walimu wa ziada, na zoezi hilo likafanyika katika miaka ya 2017 na 2018. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, watu wenye shahada za ualimu waliingia katika madarasa ambayo mfumo haukuwahi kuwaandalia. Kilichokuwa kimesemwa Musoma kwa lugha ya siasa, kwamba msomi arudi kwa umma, kilitekelezwa kwa njia ya uhamisho wa kiutumishi. Hatua hiyo, kama ilivyokuwa kwa kambi ya Buhemba, ilimhamisha mtu bila kuibadili elimu yake.

6. Lugha ya mafunzo

Ugumu uliomkabili mwalimu huyu haukuwa wa maarifa ya somo. Mhitimu wa shahada anafahamu kwa undani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, lakini amelijua jambo hilo kwa Kiingereza. Neno usanisinuru analijua vyema zaidi mwalimu wa cheti. Katika hisabati, mwalimu wa cheti hutamka kiasi na asili bila kusita anapofundisha sehemu, na watoto humfuata anapoandika KDS na KKS ubaoni. Mhitimu wa shahada hulazimika kwanza kutafsiri kichwani. Hali hii ni ya muda kwa mtu mwenye bidii, lakini katika wiki zile za kwanza mtoto humwona mtu anayebabaika. Mtoto hawezi kujua kuwa kinachombabaisha mwalimu ni lugha.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi na hausemwi sana. Kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni taaluma ya isimu iliyofichwa ndani ya kazi ya kila siku. Anayemfundisha mtoto wa Kizanaki kuunganisha silabi za Kiswahili anahitaji kujua silabi ya Kiswahili inavyoundwa. Anahitaji pia kujua ni sauti zipi mtoto huyo anazo tayari kutoka nyumbani na zipi hana, na kwa nini r na l zinabadilishana katika maandishi yake. Haya ni maswali ya fonolojia linganishi. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imeyafundisha kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Kwa hiyo maarifa yapo, na lugha ya kuyaelezea ipo. Kinachokosekana ni daraja kati ya taaluma hiyo na mafunzo ya anayeshika chaki darasa la kwanza.

Neno azimio linaweza kuufupisha mjadala huu. Mwalimu wa shule ya msingi hulitumia kila muhula: azimio la kazi ni jedwali linaloonyesha atakachofundisha, wiki kwa wiki, na zana atakazotumia. Taifa limelitumia kwa maamuzi makubwa, la Arusha na la Musoma. Azimio la Musoma lilitaja lengo na tarehe, lakini kwa mafunzo ya juu ya mwalimu wa msingi halikufikia kuwa azimio la kazi. Halikuonyesha kijana aliyeanza kwa vijitabu vya posta angefikaje siku moja katika shahada na uzamili, akiwa bado mwalimu wa watoto wadogo na bado akitumia lugha aliyoanza nayo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiendelea kutumika. Mjadala uliofuata ulijikita katika sekondari: je, wanafunzi wataelewa, je, vitabu vipo? Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kuwa swali hilo linaanzia mapema zaidi. Mafunzo ya mwalimu ndiyo ngazi ambayo Kiswahili kimewahi kuimudu kikamilifu, kikiwa na vitabu, istilahi, mitihani na makumi ya maelfu ya wahitimu. Ilikuwa ngazi ya cheti, na ikaishia hapo.

7. Hitimisho

Kutoka Mwisenge ya mwaka 1934 hadi uhamisho wa walimu wa miaka ya karibuni, historia ya ukanda wa Buhemba na Musoma inaonyesha mwelekeo mmoja unaojirudia. Mafunzo yanapoongezeka, mwalimu huondoka katika darasa la msingi. Taifa linapotaka kumrudisha, humrudisha kwa amri, iwe ya kambi, ya chama au ya utumishi. Kila mara lugha huachwa nje ya hesabu. Mwalimu wa UPE alikuwa na Kiswahili cha kazi bila kina cha maarifa. Mhitimu wa shahada ana kina hicho bila Kiswahili cha kazi.

Makala haya yanapendekeza kwamba stashahada ya uzamili kwa ajili ya elimu ya msingi, itakayofundishwa kwa Kiswahili na kujengwa juu ya isimu ya Kiswahili na ya lugha za jamii zinazokizunguka, ichukuliwe kuwa hatua halali ya kitaaluma. Msingi wake upo: rejista iliyokuzwa na vyuo vya cheti tangu mwaka 1967, uzoefu wa masafa uliopatikana baada ya mwaka 1974, na taaluma ya Kiswahili ya chuo kikuu. Mafunzo ya namna hiyo yakiwapo, mwalimu wa Buhemba aliyeanza na cheti ataweza kusoma hadi uzamili kisha arudi darasa la kwanza kwa hiari yake, akiwa na lugha ya kueleza kwa nini mtoto aliye mbele yake ameandika r badala ya l.